Hela ya kusomea chuo: ipi ya bure, ipi ni deni, na unaipataje

Kila msimu wa udahili ukifunguliwa swali ni lile lile, jamani nimepata chuo, skolashipu nazipata wapi? Na msaada anaopewa huyo kijana mara nyingi ni lundo la linki, mjomba katuma kumi, rafiki katuma ishirini, mwalimu kafowadi zingine, hakuna hata mmoja aliyekaa naye kumwambia ipi inamfaa na ipi haimhusu kabisa. Anaaplai zote haraka haraka kwa barua moja aliyoikopi, anakosa zote, alafu anahitimisha kwamba hizi nafasi ni za watoto wa wakubwa. Inaniuma kila nikiliona hili kwa sababu wengi wao walikuwa na sifa. Walichokosa ni kujua mambo mawili kabla ya kuanza kutafuta, kwanza hela anayoitafuta ni ya aina gani, pili anayeitoa anataka nini. Ukishayajua hayo, linki arobaini zinabaki sita au saba, na hizo sita unazifanyia kazi ya maana.

Tuanze na aina, maana hapa ndo watu wanachanganya sana. Ipo hela unayopewa kwa sababu ya ufaulu au kipaji, hiyo ndo skolashipu ya kawaida watu wanayoijua. Ipo ruzuku, unapewa kwa sababu nyumbani uwezo hauruhusu, nayo hairudishwi. Pell Grant ya Marekani ni ya namna hii, ilianzishwa kwa sheria ya 1972, inaangalia hali ya familia na ombi lake linapitia kwenye fomu ya FAFSA ambayo kuijaza ni bure, ila ni kwa raia wao na makundi machache ya wakazi, mwanafunzi wa kigeni hata akijaza hapati. Upo msamaha wa ada, hapa hushiki hela mkononi, chuo kinakufutia tu ada au sehemu yake, kwahiyo chakula, pango na bima bado ni juu yako. Kuna kazi za chuoni, unalipwa kwa masaa uliyofanya. Alafu mkopo, ambao ni deni hata kama umetoka serikalini na hata kama kwenye barua umeandikwa kwa lugha nzuri.

Nasisitiza hilo la barua kwa sababu vyuo vingi vinaweka vyote kwenye barua moja ya ofa, juu wanaandika jumla ya msaada uliopewa, chini ndo unakuta nusu yake ni mkopo. Chukua mfano huu, gharama nzima ya mwaka ya chuo cha kwanza tuseme ni 100, wamekupa ruzuku ya 60. Chuo cha pili gharama yake 70, wamekupa ruzuku 20 na mkopo 30. Ukiangalia haraka utakimbilia cha pili, maana gharama ni ndogo na pengo la kujaza sasa hivi ni 20 tu wakati cha kwanza pengo ni 40. Ila ukitoa ile hela ya bure peke yake, cha kwanza kitakugharimu 40 kwa mwaka na cha pili 50, kwa sababu ile 30 utakuja kuilipa wewe na riba juu. Sasa usikimbilie kuamua, rudi tena kwenye barua uangalie masharti, kama ile ruzuku ya 60 inadai GPA, yaani wastani wa alama zako, isishuke chini ya 3.5 na ukishuka inaondoka yote, basi mwaka wa pili unaweza kujikuta unadaiwa 100 nzima. Kwahiyo maswali matatu usiyaache, ya bure ni ngapi, ya kurudisha ni ngapi, na nini kikitokea hii ya bure inakatwa. Na gharama uliyoiweka kwenye hesabu iwe ni gharama yote, ada, malazi, chakula, bima, vitabu, laptop, nauli, viza kama unatoka nje ya nchi. Watu wengi wanakwamishwa na hivi vingine wakati ada ilishalipwa.

Kwenye mikopo nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayomfuata mtu miaka mingi. Kitu cha kwanza kuuliza sio asilimia ya riba, ni riba inaanza kuhesabiwa lini. Tuseme unachukua 100 kila mwanzo wa mwaka kwa miaka minne, riba 6% kwa mwaka isiyojizalia. Kama inaanza kuhesabiwa siku ile hela ilipotoka, ile 100 ya mwaka wa kwanza unapomaliza chuo imeshazaa 24, ya pili 18, ya tatu 12, ya mwisho 6, kwahiyo unatoka chuo unadaiwa 460 na hujaanza hata kutafuta kazi. Kama serikali inakulipia riba ukiwa masomoni, unatoka na 400 ile ile. Marekani mikopo yao ya serikali kuu kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza ipo ya aina zote mbili, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote bila kujua ipi ni ipi.

Kitu cha pili ni namna ya kulipa. Kuna nchi unalipa kulingana na kipato, kwenye hili Australia ndo walianza mapema kwa mfumo wa taifa zima mwaka 1989, mtu anakatwa kupitia kodi pale tu kipato chake kinapovuka kiwango fulani, na badala ya riba ya kawaida deni linapandishwa kufuata kupanda kwa bei na mishahara. England walioanza chuo kuanzia Agosti 2023 wanakatwa 9% ya kile kinachozidi kiwango kilichowekwa, na baada ya miaka 40 deni lililobaki linafutwa. Tanzania mwenye mkopo wa serikali aliyeajiriwa anakatwa 15% ya mshahara wa msingi. Ukiangalia vizuri hizi ni hesabu tofauti kabisa, kwa mfumo wa England mwenye mshahara chini ya kiwango hakatwi chochote, na aliyevuka anakatwa kwenye ile ziada peke yake. Masharti pia yanabadilika njiani, Tanzania hiyo hiyo mwaka 2021 iliondolewa ile tozo ya 6% ya kutunza thamani ya mkopo ambayo wadaiwa walikuwa wakiilalamikia miaka mingi. Ndo maana mtu mwenye mkopo anatakiwa kuomba taarifa ya deni lake mara kwa mara hata kama bado yupo chuo, asisubiri barua ya kudaiwa.

Na mkopo wa benki au wa kampuni binafsi uwe wa mwisho kabisa, baada ya ruzuku, baada ya kazi, baada ya mkopo wa serikali. Riba yake mara nyingi ni kubwa, huwa inataka mdhamini, na ukikwama huyo mdhamini ndo anafuatwa. Mzazi anayesaini hapo aambiwe wazi anasaini nini.

Sasa tuje kwenye lile la pili, anayetoa anataka nini. Hakuna taasisi inayotoa hela hivi hivi, kila moja ina lengo lake na lengo hilo wameliandika kwenye tovuti yao, tatizo watu wanaruka moja kwa moja kwenye kitufe cha kuaplai. Chevening ya Uingereza, iliyoanza 1983, inatoka wizara yao ya mambo ya nje, wanatafuta watu watakaokuwa viongozi na wenye ushawishi huko kwao, ndo maana wanadai uzoefu wa kazi wa masaa 2,800 na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Skolashipu za Jumuiya ya Madola ambazo nazo zinalipwa na Uingereza zinatazama maendeleo, wanataka kuona hicho unachoenda kusoma kitabadilisha nini kwa watu unakotoka. Fulbright ya Marekani, ya tangu 1946, lengo lake ni watu wa nchi mbalimbali kuelewana, hivyo wanamtaka mtu atakayekuwa daraja. DAAD ya Ujerumani, shirika la tangu 1925, ni la vyuo na mambo ya kitaaluma, mpango wako wa masomo ndo unabeba uzito. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ambapo unasoma masters kwenye vyuo vya nchi zaidi ya moja, wanaochagua ni muungano wa vyuo vyenyewe kozi kwa kozi, umaskini wako hautaingia kwenye hesabu yao hata ukiueleza kurasa tatu. Mastercard Foundation kwa upande mwingine, mpango wao wa wanafunzi ulioanza 2012, hali ya kiuchumi ya familia ni sehemu ya vigezo pamoja na ufaulu na moyo wa kurudisha kwa jamii.

Umeona sasa kwa nini barua moja ya kukopi inaangukia pua kote? Stori ya maisha magumu inayomsaidia mtu sehemu moja, sehemu nyingine haina pa kukaa, na yule uliyemwandikia habari za machapisho yako ya kitaaluma kumbe yeye alitaka kujua umewahi kuongoza nini.

Kwa wanaotazama vyuo vya Marekani digrii ya kwanza kuna jambo halisemwi vya kutosha. Kuna vyuo vinavyochagua mwanafunzi bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa, na kuna vyuo ambavyo ukiomba msaada wa hela ombi lako linapimwa pamoja na gharama utakayowaletea. Vyuo vinavyofanya ile ya kwanza hata kwa wanafunzi wa kigeni ni vichache sana, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo, na hivyo hivyo vinaahidi kuziba pengo lote la familia. Kuingia ni kugumu mno, lakini mtu anayesema sikuaplai kwa sababu ada yao inatisha amekosea hesabu, kwa familia isiyo na kipato kikubwa hapo panaweza kuwa rahisi kuliko chuo cha kawaida chenye ada nusu yake na hakina cha kukupa. Upande wa pili, kwenye vile vyuo vinavyopima uwezo, ukisema huhitaji msaada ili upokelewe kirahisi alafu ukategemea kuomba ukishafika, vingi sera yao hairuhusu mwanafunzi wa kigeni kuanza kuomba baadaye. Soma sera kwanza.

Na hizi nchi za "kusoma bure" nazo tuziseme. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, kweli, ila jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na karibu kote kupata viza lazima uonyeshe una hela ya kujikimu ya mwaka mzima, kawaida kwenye akaunti maalum iliyofungwa ambayo unatoa kidogo kidogo kila mwezi, au uwe na skolashipu. Norway ilikuwa bure kwa wote, mwaka 2023 wakaanza kutoza wanaotoka nje ya Ulaya. Kwahiyo makala ya miaka mitano nyuma inayosema nchi fulani ni bure usiijengee mipango.

Kwa PhD hesabu inageuka. Sehemu nyingi PhD nzuri inakuja na hela yake, Marekani idara inakufutia ada na kukulipa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, Uholanzi na nchi za Skandinavia nafasi nyingi zinatangazwa kama kazi kabisa yenye mkataba na mshahara. Kama umepokelewa PhD na wanataka ulipe kila kitu mwenyewe, simama uulize kwanza. Masters ndo ngumu zaidi kupata hela, hapo ndo hizo skolashipu za serikali za nje zinapokuwa na umuhimu mkubwa.

Alafu jamani hela ndogo ndogo watu wanazidharau. Mfuko wa idara, chama cha kitaaluma cha fani yako, mwajiri wa mzazi, taasisi ya dini, halmashauri au jimbo unalotoka, mfuko wa dharura wa chuo kwa mtu aliyefiwa au aliyeunguliwa. Hazitangazwi sana, waombaji ni wachache, fomu yenyewe ukurasa mmoja. Nenda ofisi ya msaada wa wanafunzi uulize kwa mdomo wako, mfuko gani mwaka jana ulikosa waombaji wa kutosha? Watu wa ofisi hizo wanajua, na wengi wanafurahi mtu akiuliza. Uliza pia kuhusu kulipa ada kwa awamu, hiyo siyo msaada lakini imewaokoa wengi wasizuiwe kufanya mitihani.

Sehemu inayoua maombi mengi kimya kimya ni makaratasi, na hapa ndo mzazi, dada, kaka au mwalimu anaweza kusaidia kuliko kutuma linki. Jina ndo la kwanza. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha sekondari kina matatu, pasipoti imeandika la ukoo kwa herufi tofauti, mfumo wa onlaini unakataa au afisa anaweka pembeni ombi zima. Kurekebisha hilo kunataka kiapo cha kisheria au kubadilisha cheti, na inaweza kuchukua wiki nyingi, huwezi kulifanya siku tatu kabla ya dedlaini. Chukua vyeti vyote uvipange mezani leo, soma jina herufi kwa herufi. Kisha uthibitisho wa kipato, mzazi mwenye mshahara ana salary slip, ila mzazi mkulima au mama wa biashara ndogo hana, hapo unahitaji barua ya serikali ya eneo lako, maelezo ya miamala, chochote chenye mhuri kinachoeleza ukweli. Aliyefiwa na mzazi aombe cheti cha kifo mapema maana wapo wanaokosa kundi la yatima kwa kukosa karatasi hiyo moja tu. Mwenye ulemavu, fomu ya daktari. Vyote uviskani kwa ubora, kila faili lipewe jina linaloeleweka, uviweke sehemu mbili tofauti ili simu ikipotea usianze upya.

Rekomendesheni, mpe mwandikaji angalau mwezi. Usimwambie tu naomba barua, mpe tangazo la skolashipu, CV yako, matokeo, na mistari michache kumkumbusha kazi uliyoifanya kwenye somo lake. Mwalimu ana wanafunzi mamia, usipomkumbusha ataandika "ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" na sentensi hiyo haimsaidii mtu.

Insha nayo ni hivyo hivyo. "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusaidia jamii yangu" wameisoma mara elfu. Linganisha na mtu anayesema, kituo cha afya nilipofanya mazoezi walikuwa wanaandika dawa kwenye daftari, kila mwisho wa mwezi dawa za presha zinaisha bila mtu kujua, nikatengeneza jedwali la kompyuta la kufuatilia, nikagundua tatizo kubwa ni oda zinazotumwa kwa kuchelewa, nataka kusoma usimamizi wa ugavi wa dawa ili nilitatue hili kwa wilaya nzima. Huyu hajataja ndoto yoyote ila msomaji ameshamuona. Huhitaji kuwa umefanya kitu kikubwa, unahitaji kitu cha kweli ulichokiona kwa macho na ulichokifanya, na kiungane na kozi unayoiomba. Na usitunge, kwenye usaili wanauliza kwa undani.

Matapeli wapo wengi na wanawalenga hasa waliokata tamaa. Anayekuhakikishia asilimia mia utapata, anayesema umeshinda skolashipu ambayo hukuomba, anayetaka hela itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, anayeomba PIN au neno la siri, achana naye papo hapo. Tahadhari, siyo kila ada ya maombi ni utapeli, zipo bodi za mikopo za serikali zinazotoza ada halali ya kuomba, ila inalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wao rasmi, haiendi kwa mtu. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe, usiingie kupitia linki ya grupu.

Ukishapata, hakikisha chuo kinajua hela nyingine zote unazopokea na uulize kabla, nikipata skolashipu ya nje mtapunguza nini? Vyuo vingine vinapunguza ruzuku yao kwa kiasi kile kile, unabaki pale pale. Marekani jimbo la Maryland mwaka 2017 lilikuwa la kwanza kubana vyuo vyake vya umma visifanye hivyo, kwingine inategemea sera ya chuo. Omba angalau wapunguze upande wa mkopo na siyo upande wa ruzuku, ni ombi la kawaida na wapo wanaolikubali.

Na ukikosa au ukipewa kidogo, usiishie kulia kimya, kuna rufaa. Bodi nyingi za mikopo zinafungua dirisha la rufaa baada ya kutoa majina, na vyuo vingi vina utaratibu wa kuangalia upya. Rufaa inayosema naomba mnifikirie maisha ni magumu haina mashiko, kwa sababu hawana cha kubadilisha kwenye faili. Inayoleta kitu kipya ndo inasogea, baba ameachishwa kazi mwezi wa tatu na barua hii hapa, mama yupo hospitali na gharama hizi hapa, mdogo wangu naye ameingia chuo mwaka huu, au mlisoma kipato changu kimakosa na karatasi sahihi ni hii. Ukurasa mmoja, viambatanisho vyenye mhuri, kiasi unachoomba kitajwe kwa namba, na iwafikie kabla dirisha halijafungwa. Ukishaituma hifadhi risiti au namba ya ombi, baada ya wiki mbili piga simu kwa upole uulize imefika kwa nani.